Mkono wangu unakuwa gogo nikifika ukurasa wa pili

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, umri wangu ni miaka 36, mkazi wa Tudor, Mombasa. Kinanda nilikizoea kanisani tangu utotoni, lakini kwa masikio tu. Kusoma noti nimeanza ukubwani, nikapata mwalimu anayenifunza kila Jumamosi. Mwaka huu amenipa Allegro barbaro, wimbo wa piano wa mtunzi wa Hungaria Béla Bartók, niipige kwenye tamasha la wanafunzi wake mwezi wa Desemba. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisisimka. Nikajiambia, hapa si mahali pa kubembeleza, hapa ni kutwanga.

Na nimetwanga kweli. Noti zote nazijua, nikienda polepole sikosei. Lakini nikiipiga kwa mwendo wake, ukurasa wa kwanza naumaliza vizuri, kwenye wa pili kigasha cha mkono wa kushoto kinaanza kuwaka moto, na kabla sijafika katikati mkono umeshakuwa gogo. Vidole havinisikii. Yale mafungu ya noti yanayorudiwa-rudiwa yanaanza kuchelewa, mengine hayalii kabisa. Maumivu yako upande wa juu wa kigasha, karibu na kisugudi, na asubuhi nikiinua kikombe cha chai bado nayasikia.

Mwalimu wangu kila mara huniambia, "Legeza mkono." Nimejaribu. Nikiulegeza, sauti inapwaya, haina ukali wowote. Nikitaka ukali, lazima nikaze. Sioni njia ya katikati.

Jambo jingine. Mjomba wangu alipiga chapuo na msondo harusini ujana wake wote. Siku moja alikuja kunisikiliza nikifanya mazoezi, akacheka. Akasema, "Mbona mkono huutoi, mjomba? Wang'ang'ania!" Basi nikawa naunyanyua mkono juu baada ya kila fungu, kama anavyofanya yeye kwenye ngoma. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Mazoezi nafanyia kwenye piano ya wima iliyo katika ukumbi wa kanisa, jioni nikitoka kazini, kama saa moja na nusu hivi, nikikalia vile viti vya plastiki vya ukumbini. Nyumbani nina kinanda kidogo cha umeme, nacho nakipiga kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani. Je, ninyanyue vyuma mpaka mikono ipate nguvu? Au nimwombe mwalimu anibadilishie wimbo?

Mkono Gogo, Tudor

JIBU

Marahaba, Mkono Gogo.

Vyuma viache. György Sándor, aliyefunzwa piano na Bartók mwenyewe kule Budapest, na ambaye mwaka 1946 alikuwa wa kwanza kuipiga konseto ya tatu ya piano na okestra ya mwalimu wake, alishikilia kwamba uchovu wa mpigaji hautibiwi kwa kunenepesha misuli. Unatibiwa kwa kubadilisha namna mkono unavyokwenda, ili kazi kubwa ifanywe na mkono mzima pamoja na uzito wake, na ile misuli midogo ibakiwe na kazi ndogo. Naye hakuwa mtu wa kupiga kinyonge. Wimbo pia usiubadilishe, angalau si sasa.

Ila maumivu ya asubuhi sitayapita hivi hivi. Mkono kuchoka jioni baada ya mazoezi ni kawaida. Mkono unaouma siku ya pili ukiinua kikombe umeshaumizwa, na kila jioni unaurudia pale pale. Pumzisha mkono wa kushoto mpaka kikombe kiinuke bila maumivu, hata kama ni wiki nzima; mkono wa kulia na kichwa vina kazi ya kutosha katika wimbo huu. Ukisikia ganzi, vidole kuwasha kama vimechomwa sindano, au ukianza kuangusha vitu, hapo achana na walimu wa muziki, mimi nikiwemo, uende hospitali ukaonane na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Usisubiri Desemba.

Umenisaidia sana kwa kutaja mahali panapouma. Misuli ya upande wa chini wa kigasha, ule unaotazamana na kiganja, ndiyo inayokunja vidole na kubonyeza. Ile ya upande wa juu kazi yake ni kuinua kiganja na vidole. Wewe unaumia juu. Kwa hiyo wanaokwambia unabonyeza mno wamesema nusu tu. Unabonyeza, halafu kabla hujaacha kubonyeza unajivuta juu, na pande mbili za mkono mmoja zinavutana mara nyingi kila dakika. Hakuna mkono unaostahimili hivyo kwa kurasa kadhaa.

Fanya jambo hili kesho. Fungua kifuniko cha juu cha piano ya ukumbini, ubonyeze kibao kimoja taratibu kabisa huku ukichungulia ndani. Utaona nyundo inausogelea uzi, na ikiwa imebaki nafasi ndogo tu inaachiliwa, inarudi nyuma bila sauti yoyote. Piano imeundwa hivyo. Ukibonyeza kwa kasi, ile nafasi ya mwisho nyundo inaruka yenyewe, inagonga uzi na kurudi. Kibao kinashuka milimita kumi hivi, basi, na kukifanya kianze kushuka kunahitaji uzito wa gramu hamsini hivi. Sauti inaamuliwa na kasi ya nyundo pale inapoachiliwa. Kibao kikishafika chini, hata ukikiegemea kwa uzito wako wote, hutaongeza wala kupunguza chochote isipokuwa noti kuendelea kulia. Jasho lako jingi linamwagika pale chini, sauti ikiwa imeshatoka zamani.

Mjomba wako aliliona hilo, na kwa mtu ambaye si mpiga piano ameona mbali. Lakini wewe uliiga kile ulichokiona kwa macho. Ngozi ya chapuo imetiwa moto ikakaza, ukiipiga inaurudisha mkono. Mpigaji hahangaiki kuunyanyua, anauacha urudi. Piano haina ngozi. Kibao kinapanda chenyewe, ila hakina nguvu ya kuurusha mkono wako juu, kwa hiyo kila ulipounyanyua ulitumia misuli ile ile inayouma. Cha kuiga kwa mjomba ni wakati wa kuachia. Sauti ikitoka tu, acha kubonyeza, mkono ubaki pale pale, kibao kiinuke kikiwa na kidole chako juu yake. Ukiiweza hiyo, kwa mtazamaji mkono wako utaonekana hausogei sana. Mjomba huenda akalalamika kwamba hauna mbwembwe. Mwache.

Sasa hilo la kulegeza. Mwalimu wako hakukosea, ila amekupa amri isiyo na anwani. Ulegeze nini? Nadhani ulilegeza kila kitu, na hapo kiungo cha mwisho cha kidole hujikunja kwa nyuma kinapokutana na kibao, kasi yote iliyotoka begani inaishia humo. Ndiyo hiyo sauti inayopwaya. Ncha za vidole ziwe imara, na yale mafundo ya juu ya kiganja yasibonyee ndani, kwa kile kitambo cha kugusa. Bega, kisugudi na kifundo cha mkono viwe huru. Hivyo viwili vinawezekana kwa wakati mmoja, na kuvipata pamoja ndiyo kazi yenyewe ya wimbo huu.

Anza na fungu moja tu. Weka vidole juu ya vibao, inua kigasha kidogo, kiachie kianguke, vidole vikipokea uzito bila kubonyea. Ukifika chini, simama hapo. Mwombe mtu akuinue kifundo kwa kidole chake kimoja. Kikiinuka bila ubishi, uko sawa. Kikimgomea, bado unabonyeza. Chunguza na sehemu nyingine zilizojificha: meno umeyauma? Bega limepanda kwenye sikio? Kidole gumba cha mkono usiopiga kimesimama? Pumzi je? Watu wengi hubana pumzi kwenye mwanzo wa wimbo huu na hawajui.

Fungu lenyewe linalorudiwa-rudiwa lina hila yake. Ni F, A na C, ile F na ile C zikiwa za shapu. Maana yake kidole gumba na kidole cha mwisho viko kwenye vibao vyeusi, na cha katikati kimebanwa kwenye cheupe kati ya vyeusi viwili. Wanaoanza hukaa nje, karibu na ukingo wa vibao, kisha wanakunja kifundo ili kile kidole cha katikati kifike. Mkono uliopinda hivyo umeshachoka kabla ya kuanza. Sogeza mkono mzima ndani, kuelekea ubao wa nyuma, mpaka kigasha na kiganja vinyooke na kidole cha katikati kiangukie penye nafasi. Vibao vyeusi na vyeupe vya piano vimepangwa hivyo kwa kila mtu, lakini viganja havilingani, kwa hiyo itafute sehemu yako mwenyewe kwa mkono, polepole, kisha uizoee.

Kurudia-rudia kuna siri ndogo. Mafungu manane usiyapige kwa mapigo manane ya mkono. La kwanza lipige kwa uzito unaoanguka, yanayofuata yatoke kwenye mkono ule ule ukiwa njiani kupanda polepole, kifundo kikitikisika kidogo tu. Pigo moja la mkono, mafungu mawili. Likizoeleka, mafungu manne. Kila mkono unaposhuka upya ndipo unapopumzika, kwa sababu kuanguka hakutumii misuli. Nikimsikiliza mwanafunzi, sihitaji hata kumtazama: anayepiga kila fungu kwa nguvu mpya yote yanalingana na yanachosha sikio, anayepanga kwa makundi wimbo unasonga mbele.

Mwendo usiupandishe kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, hatua kwa hatua siku nzima. Njia hiyo kwa wimbo kama huu inakufundisha kukaza kidogo kidogo bila kujua. Piga baa mbili (vile vipande vilivyotengwa kwa mistari ya wima kwenye noti) kwa mwendo wenyewe halisi, kwa sauti ya chini sana, kisha mikono ipakate mapajani mpaka iwe baridi. Tena. Halafu baa tatu. Sauti kubwa ifanyie mazoezi ukiwa polepole, kasi ifanyie mazoezi ukiwa kimya. Viwili hivyo viunganishe mwishoni. Na ile saa moja na nusu mfululizo ikate: dakika ishirini za wimbo huu zinatosha kwa kikao kimoja, zinazobaki piga tenzi.

Kiti. Nimekuwa nikikisubiri hiki kiti tangu nianze kuandika. Kiti cha plastiki cha ukumbini ni cha kukalia wakati wa mahubiri. Kwa piano nyingi kiko chini mno, na kinakulaza nyuma. Kisugudi kikiwa chini ya vibao, kifundo nacho kinaning'inia, na ili upige itabidi uinue kiganja kwa ile misuli ya juu ya kigasha, pale pale panapouma. Weka viti viwili vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, au mto mgumu, mpaka kisugudi kilingane na vibao au kipite kidogo. Kaa nusu ya mbele, miguu chini. Kama ningeruhusiwa kukurekebishia jambo moja tu bila kukuona, lingekuwa hili.

Piano ya wima nayo ina lake. Mfaransa Sébastien Érard alibuni mtambo, uliosajiliwa mwaka 1821, unaoiwezesha nyundo kupiga tena kabla kibao hakijapanda chote, na piano kubwa za kulala zimejengwa juu ya wazo hilo mpaka leo. Piano nyingi za wima hazina mtambo huo. Kibao lazima kipande karibu chote ndipo noti irudie. Ndiyo maana mafungu yako mengine hayalii: unang'ang'ania chini, kibao hakijapata nafasi ya kupanda, nyundo haijarudi mahali pake, wewe umeshapiga tena. Kisha ukisikia pengo unaongeza nguvu, na pengo linazidi.

Ongeza unyevu wetu wa Pwani. Mbao na felti hunywa maji ya hewani, vibao vinavimba, vinapanda kwa uvivu, hasa msimu wa masika. Chunguza vibao vya fungu hilo kimoja kimoja: kibonyeze, kiachie ghafla, utazame kama kinaruka juu au kinapanda kwa kujikokota. Kikijikokota, mwite fundi wa piano, na umweleze ni vibao vipi. Usijilaumu kwa kosa la mbao, na tafadhali usikipake mafuta ya kupikia, nimeshaona.

Kinanda cha umeme cha nyumbani ni hatari zaidi ya unavyodhani. Unakipunguza sauti, sikio linatamani ukali, mkono unaongeza nguvu kuutafuta. Usiku mzima unajifunza kukaza. Vaa vipokea sauti vya masikioni, ongeza sauti mpaka mguso mwepesi usikike mkubwa. Na kama vibao vyake ni vile vyepesi visivyo na uzito, Allegro barbaro usiipigie hapo kabisa. Tumia kwa kukariri noti, mkono mmoja mmoja.

Nimebakiza kutwanga. Bartók aliandika wimbo huu mwaka 1911. Husimuliwa kwamba jina lake lilikuwa jibu la kejeli kwa magazeti ya Ufaransa yaliyomwita yeye na wenzake washenzi kutoka Hungaria. Ni mzaha wa mtu mwenye akili sana, aliyekuwa ameshazunguka vijijini akinakili nyimbo za wakulima wa Hungaria na Romania. Kwa hiyo usilichukue jina kuwa amri. Alirekodi mwenyewe wimbo huu mwaka 1929, utafute usikilize. Mapigo yake si ya mashine. Anasukuma, anavuta, baadhi ya mafungu yanapita mepesi ili jingine moja likupige kifuani. Ukali unaousikia unatokana na tofauti hiyo, na ufupi wa noti, na muda usiotetereka. Chukua kalamu ya risasi, uzungushie duara mikazo aliyoiandika mwenyewe. Hiyo ipewe uzito. Yote isiyozungushiwa iwe nusu ya nguvu unayotumia sasa, kisha ujirekodi kwa simu ukiwa umeiweka mbali na piano, mwisho wa ukumbi. Nina hakika utasikia wimbo mkali zaidi ya ule uliokuumiza.

Kuna mahali fungu lile linarudiwa likididimia mpaka sauti ndogo kabisa. Wapiga wengi wanaoutwanga wimbo hupaharakisha, kama wanaona haya. Papige kwa utulivu, kwa mguso ule ule, mkono usijivute.

Kuhusu Desemba, mwambie mwalimu wako Jumamosi hii kuhusu kikombe cha chai. Mwonyeshe mahali panapouma kwa kidole, kwa sababu sidhani umemwambia, na mwalimu hawezi kukuongoza akidhani una uzembe tu. Muulize pia tamasha litakuwa kwenye piano gani, uende uiguse kabla. Kisha kubalianeni mwendo ambao mkono wako unaumudu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukipungua kidogo hakuna atakayelalamika, ilmradi usiyumbe. Ukimaliza wiki tatu bila maumivu ya asubuhi, niandikie tena uniambie ni ukurasa upi unaokusumbua sasa. Nadhani utakuwa ule wa sauti ndogo.